Sukari na tansio: namna dawa moja ya sukari inavyogusa mishipa ya fahamu inayoongoza shinikizo la damu



Katika makanisa yetu si ajabu kumsikia mzazi akisema: "Mimi niko na sukari, na tena niko na tansio." Anazitaja kama wageni wawili walioingia nyumbani kila mmoja kwa mlango wake. Dawa ya sukari anaikunywa kila asubuhi kwa sababu anaiogopa sukari. Dawa ya tansio anaiacha siku ambayo kichwa hakiumi. Wako pia wanaopimwa sukari mara kwa mara, lakini tansio yao haijapimwa tangu mwaka uliopita.

Siku hizi tunaulizwa pia swali jipya. Watu wanasikia kwa redio, kwa simu, na kwa jamaa walio Ulaya au Marekani habari za sindano za sukari ambazo zinapunguza uzito na kushusha tansio. Wanatuuliza: "Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu anaweza kuacha vidonge vya tansio?"

Jibu fupi ni hili. Ni kweli kwamba dawa hizo zinashusha tansio, lakini kidogo tu. Watafiti wameona kwa wanyama kwamba njia mojawapo ya kazi hiyo inapita katika mishipa ya fahamu ya shingoni. Lakini dawa hizo hazichukui nafasi ya vidonge vya tansio. Tunaeleza hapa sababu zake, kwa maana mtu anayeelewa mwili wake huilinda afya yake vizuri zaidi.

Nani anaongoza shinikizo la damu?

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa yake. Wengi wetu tunaliita tansio. Moyo ndio unaosukuma, mishipa ya damu inabana au inalegea, na figo zinaamua kiasi cha maji na chumvi kitakachobaki mwilini. Lakini moyo na mishipa havifanyi kazi bila kiongozi. Sehemu ya chini ya ubongo, inayoitwa shina la ubongo, inapokea habari kila wakati na kutuma amri.

Amri hizo zinapita katika mishipa ya fahamu isiyongoja mapenzi yetu. Kundi moja la mishipa hiyo linaitwa simpathetiki. Hilo linaamka wakati wa hatari, wa kazi nzito au wa hofu: moyo unakimbia, mishipa ya damu inabana, tansio inapanda. Kundi la pili, parasimpathetiki, linatuliza moyo wakati wa kupumzika.

Chukua mfano wa mama anayesimama baada ya kupiga magoti kwa muda mrefu katika maombi. Akisimama, damu nyingi inashuka miguuni. Vipimo vya asili vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo na ya kifua vinatambua mara moja kwamba shinikizo limepungua, navyo vinapeleka habari kwenye shina la ubongo. Kwa sekunde chache amri inarudi, mishipa inabana, na mama anasimama imara bila hata kujua kilichotokea.

Lakini sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi inaweza kuharibu mishipa hiyo ya fahamu, kama vile inavyoharibu ile ya miguu na kuleta ganzi. Hapo mama anasimama, anaona giza, anashika benchi, pengine anaanguka. Watu wanasema ni uchovu au njaa. Wakati mwingine ni hivyo kweli. Wakati mwingine ni sukari ambayo imefika kwenye mishipa inayoongoza tansio.

Punje ndogo ya shingoni

Pande zote mbili za shingo kuna mshipa mkubwa wa damu unaoitwa karotidi. Ndio unaopiga ukiweka vidole kando ya koo. Mahali unapogawanyika mara mbili kuna kinundu kidogo sana, kama punje ya mchele. Tutakiita kinundu cha karotidi. Kazi yake ni kuonja damu inayopanda kwenda kichwani.

Daktari Corneille Heymans wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, alionyesha kwamba viungo vya kutambua vilivyo katika mishipa hiyo ya shingo na ya kifua vinatuma habari kwa ubongo ili kuongoza upumuaji. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Tangu hapo tunajua kwamba hewa safi ikipungua katika damu, kinundu hicho kinapiga kengele: mtu anapumua kwa nguvu zaidi, na mishipa ya simpathetiki inaamka.

Baadaye watafiti waliona kwamba kinundu hicho hakionji hewa peke yake. Kinatambua pia sukari, na kinatambua insulini, ile homoni inayoingiza sukari ndani ya nyama za mwili. Hapa ndipo wale wageni wawili wanapokutana. Damu yenye sukari nyingi na insulini nyingi inaweza kukichochea kinundu, kinundu kinaamsha mishipa ya simpathetiki, na tansio inapanda.

Tunajua katika mitaa yetu namna filimbi ya usiku inavyofanya kazi. Mwizi akija, mmoja anapiga filimbi, majirani wanapiga sufuria, watu wote wanaamka. Ni vizuri. Lakini mlinzi akipiga filimbi usiku kucha bila mwizi, mtaa mzima haulali, na baada ya wiki watu wamechoka na wanagombana. Kwa wagonjwa wengine wa tansio kinundu cha karotidi kinakuwa kama mlinzi huyo. Kinapiga filimbi hata wakati hakuna hatari, na moyo na mishipa vinakaa katika vita visivyo na adui.

Mwaka 2016 madaktari wa Ulaya walitoa taarifa ya jaribio dogo. Waliwaondolea kinundu cha upande mmoja wagonjwa 15 ambao tansio yao ilikataa kushuka hata kwa dawa nyingi. Kwa 8 kati yao tansio ilishuka vya kutosha. Jaribio hilo halikuwa tiba ya kupeleka hospitalini. Lakini lilionyesha kwamba hata kwa binadamu punje hiyo ndogo inashiriki katika tansio ya wengine, si ya wote.

Dawa yenyewe ni nini?

Tunapokula, utumbo unatoa homoni inayoitwa GLP-1. Homoni hiyo inaliambia kongosho litoe insulini, inachelewesha chakula tumboni, na inauambia ubongo kwamba tumeshiba. Lakini ile ya asili haidumu, maana mwili unaivunja kwa dakika chache tu.

Watafiti walitafuta kitu kinachofanana nayo lakini kinachodumu. Walikipata mahali ambapo hakuna aliyefikiri: katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa la Marekani na Mexico, anayeitwa Gila. Kutoka hapo ilitengenezwa eksenatidi, iliyokubaliwa nchini Marekani mwaka 2005. Baadaye zikaja nyingine zilizotengenezwa kwa kuifuata homoni ya binadamu mwenyewe: liraglutidi, dulaglutidi na semaglutidi. Nyingi ni sindano za chini ya ngozi, nyingine kila siku, nyingine mara moja kwa juma. Ni hasa za watu wazima wenye sukari ya aina ya pili, na nyingine zinatumika pia kwa unene. Hazichukui nafasi ya insulini kwa mtu wa sukari ya aina ya kwanza. Huyo akiacha insulini anaweza kufa kwa muda wa siku chache.

Kile kilichoonekana mwaka 2022

Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Bristol, Uingereza, na wa Auckland, New Zealand, walitoa habari iliyounganisha mambo haya. Walichunguza kinundu cha karotidi cha panya wenye tansio ya kurithi na kukilinganisha na cha panya wenye tansio ya kawaida. Walikuta kwamba kinundu kina vipokezi vya GLP-1, yaani milango ambayo homoni hiyo inaingilia kutoa ujumbe wake. Kwa panya wenye tansio, milango hiyo ilikuwa michache zaidi.

Kisha walijaribu dawa ya kundi hili katika kinundu chenyewe. Filimbi ikapungua sauti: kinundu kilipochochewa, mishipa ya simpathetiki haikuamka sana kama kwanza, na shinikizo halikupanda sana. Walipoifunga milango ile, mambo yaligeuka kinyume.

Tukiweka pamoja, maana yake ni hii. Baada ya chakula sukari na insulini vinapanda, navyo vinaweza kukiamsha kinundu. Wakati huohuo utumbo unatoa GLP-1, nayo inakiambia kinundu kitulie. Kwa mwili wenye afya, vichocheo na kitulizo vinakuja pamoja. Kwa mwili wenye sukari na tansio, kitulizo kinaweza kukosa milango ya kutosha. Dawa inaongeza kitulizo.

Lakini hao walikuwa panya. Hilo lisisahauliwe na mtu anayesimulia habari hii kwa jirani yake.

Na kwa binadamu?

Kwa binadamu tuna vipimo vikubwa vya dawa hizi, na vinatufundisha kiasi. Katika uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2016, watu 9,340 wenye sukari ya aina ya pili, katika nchi 32, waligawanywa. Nusu walipata liraglutidi na nusu sindano isiyo na dawa, na wote waliendelea na matunzo yao ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, tofauti ya tansio ya juu kati ya makundi hayo ilikuwa kama milimita 1 tu ya zebaki. Katika vipimo vingine vya dawa za kundi hili tansio ilishuka milimita chache. Ni kidogo. Mtu mwenye 170 hatafika 130 kwa sindano hiyo.

Hata hivyo, waliopata dawa walikufa kidogo zaidi kwa ugonjwa wa moyo na mishipa: karibu 5 kati ya kila 100, wakati upande wa pili walikuwa 6 kati ya kila 100. Kwa hiyo dawa inasaidia moyo kwa njia nyingi, wala si kwa tansio peke yake. Uzito unapungua, sukari inashuka, na figo zinatoa chumvi zaidi.

Kuna jambo lingine la kutazama. Kwa watu haohao mapigo ya moyo yaliongezeka karibu mara 3 kwa dakika. Kama dawa ingekuwa inatuliza tu mishipa ya simpathetiki, tungetazamia mapigo yapungue. Inaonekana dawa inagusa mahali pengi kwa mara moja: shingoni inatuliza, na kwenye moyo wenyewe inaharakisha kidogo. Ndiyo maana mtu mwenye moyo unaokwenda mbio au unaoruka mapigo amwambie daktari mapema.

Kinachookoa wengi ni cha zamani

Tusipige mbio kufuata sindano mpya na kuacha kilicho mkononi. Mwaka 1998 Uingereza ilitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,148 wenye sukari ya aina ya pili pamoja na tansio. Kundi moja lilitunzwa kwa bidii mpaka tansio ikafika wastani wa 144 kwa 82. Kundi la pili lilibaki kwenye 154 kwa 87. Dawa za kuanzia zilikuwa za zamani na za bei ndogo: captopril au atenolol. Kwa muda wa miaka zaidi ya minane, katika kundi lililotunzwa kwa bidii watu wenye kupooza kwa ubongo walipungua kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na sukari vilipungua kwa asilimia 32.

Tofauti ilikuwa milimita 10 tu, na ilipatikana kwa vidonge ambavyo vituo vingi vya afya vinavijua. Hilo ndilo neno tunalotaka kila mwenye sukari alishike: tansio yako ni sehemu ya sukari yako. Ukiitunza sukari na kuiacha tansio, umefunga mlango mmoja na kuacha wa pili wazi.

Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliingiza dawa za kundi la GLP-1 katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa wenye sukari ya aina ya pili walio na ugonjwa wa moyo au wa figo pamoja na unene. Ni habari njema, maana inaweza kusaidia bei kushuka siku zijazo. Kwa sasa dawa hizi ni ghali, na kabla ya kufunguliwa zinahitaji kukaa kwenye frigo, kati ya digrii 2 na 8. Mahali ambapo umeme unakatika kila siku, hilo si jambo dogo.

Mambo ya kuangalia

Kama daktari amekuandikia mojawapo ya dawa hizi, au jamaa amekutumia, angalia haya:

1. Usiache vidonge vya tansio kwa uamuzi wako mwenyewe. Uzito ukipungua na tansio ikishuka, daktari ndiye atakayepunguza dozi, akiwa amepima.

2. Dawa hizi huleta kichefuchefu, kutapika na kuhara, hasa majuma ya kwanza. Mtu anayetapika na kuhara huku akimeza vidonge vya tansio anaweza kukauka maji, na tansio ikaanguka chini mno. Aende kituo cha afya mapema, asingoje mpaka aanguke.

3. Zenyewe haziangushi sukari sana. Lakini zikichanganywa na insulini au glibenclamide, sukari inaweza kushuka kwa hatari: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa.

4. Kabla ya mfungo wa maombi, mwenye sukari aongee na muuguzi wake. Anayetumia insulini au glibenclamide asifunge kwa siri. Wachungaji, tunawaomba mtangaze hivyo mbele ya mkutano, ili mgonjwa asione haya kula.

5. Si za mama mwenye mimba wala anayetazamia kupata mimba. Aliyewahi kupata uvimbe wa kongosho, au ambaye katika jamaa yake kuna kansa ya tezi la shingo, amwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza.

6. Usinunue sindano sokoni wala kwa mtu anayeuza kwa simu. Mwezi wa Juni 2024 OMS ilitoa onyo kuhusu semaglutidi ya uongo iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama imefika huko, isitushangaze ikifika kwetu.

Pima ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama

Mwenye sukari wa miaka mingi, na hasa anayeona giza akisimama, aombe kipimo hiki. Hakihitaji mashine nyingine, ila ileile ya tansio.

Mgonjwa alale kwa dakika 5, apimwe. Kisha asimame, apimwe baada ya dakika 1, na tena baada ya dakika 3. Mtu awe karibu naye asije akaanguka. Kama namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, huenda mishipa inayoongoza tansio imedhoofika, au dawa zimezidi, au mwili umekosa maji. Ukisikia "14 kwa 9", kama wauguzi wengi wanavyosema, maana yake ni 140 kwa 90. Basi "14" ikigeuka "12" mtu akisimama, hiyo ni 20 kamili. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na zipelekwe kwa daktari.

Mtu huyo afundishwe pia kusimama polepole: aketi kwanza kando ya kitanda, asogeze miguu, kisha asimame akishika kitu. Kanisani asione aibu kuomba akiwa ameketi.

Katika makanisa mengi kuna mama au baba aliye muuguzi. Kama kanisa linaweza kununua mashine moja ya kupimia tansio, na Jumapili moja kwa mwezi baada ya ibada watu wakapimwa, wengi watajua hali yao kabla ya kupooza. Aliyekutwa na sukari apimwe tansio siku ileile, na aliyekutwa na tansio apelekwe kupimwa sukari.

Kumwomba Mungu na kumeza dawa havipigani. Mzazi aliyeombewa na kujisikia vizuri amshukuru Mungu, aendelee na vidonge vyake, na arudi kupimwa. Namba zikishuka, daktari atasema naye, nasi tutafurahi pamoja naye.